Kikapu cha Harusi Kilivyofika Ulaya

Ukitaja sanaa ya mjini, wengi wanakimbilia Dar na michoro ya Tingatinga. Sasa njoo Kigoma, mdau. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita. 2015 Warundi wakamiminika, na Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena. Kambi zikawa kama miji: masoko, vinyozi, mafundi cherehani. Kina mama wa Kirundi wengi walifika mikono mitupu, ila mikono hiyo inajua kusuka. Kikapu kile kile cha kupelekea unga harusini leo ni pambo la ukutani, kinauzwa hadi Ulaya kupitia MADE51, mradi wa UNHCR. Mnunuzi anakisifia kikapu. Aliyekisuka je, anamjua?