Ushungi Wetu na Hofu Yao: Historia Fupi ya Ufaransa na Mavazi ya Mwanamke wa Kiislamu



Leo tunaweka pembeni habari za lasi na hina kidogo, ingawa tumeanzia huko huko kwenye cherehani. Siku chache zilizopita walikuja dukani kwetu bi harusi mmoja na mama yake. Nguo zake za nikaha na za kupambia tulikwisha kuzimaliza, lakini alikuwa na shida nyengine. Mume wake anafanya kazi Ufaransa, naye akipata viza atamfuata, na inshaallah anataka kusoma chuo huko huko. Akatuuliza: "Dada zangu, mnaweza kunishonea abaya ambayo haionekani kama ni abaya?"

Tulicheka sote, na mama yake akacheka. Kisha tukanyamaza. Abaya ni gauni refu, pana, lenye mikono mirefu. Ukipunguza urefu, ukabana upana, ukakata mikono, umeshona kitu chengine. Tukamwambia atupe wiki moja. Tukaanza kuuliza na kusoma, maana hatukutaka kumjibu bi harusi wa watu kwa maneno ya barazani.

Sisi tulidhani mambo haya yameanza baada ya mashambulizi ya New York ya mwaka 2001. Kumbe yana umri wa karibu miaka mia mbili, na hayakuanzia Paris. Yalianzia Algeria.

Uraia kwa bei ya nikaha

Jeshi la Ufaransa liliteremka katika pwani ya Algeria mwezi wa Juni 1830, na tarehe 5 Julai mji wa Algiers ukasalimu amri. Ardhi nzuri zikaanza kuingia mikononi mwa walowezi. Msikiti wa Ketchaoua, uliokuwa miongoni mwa misikiti mikubwa ya mji huo, ukageuzwa kanisa mwaka 1832. Haukurudi kuwa msikiti mpaka mwaka 1962.

Mwaka 1865 ikatoka sheria iliyosema kuwa Muislamu wa Algeria ni raia wa chini wa Ufaransa, yaani anatawaliwa na Ufaransa, lakini si raia kamili mwenye haki zote. Akitaka uraia kamili aombe, lakini kwanza akubali kuacha sheria ya Kiislamu katika ndoa, talaka na mirathi. Fikirini hapo, dada zetu. Mtu anaambiwa: haki zako tutakupa, lakini nikaha yako iweke mezani. Walioomba walikuwa wachache sana.

Mwaka 1881 zikakusanywa sheria za wenyeji peke yao. Muislamu aliweza kuadhibiwa kwa mambo ambayo kwa Mfaransa hayakuwa kosa, kama vile kusafiri bila ya kibali au kuonekana amemkosea heshima mtawala.

Halafu ukaja mwaka 1905. Ufaransa ikapitisha sheria maarufu ya kutenganisha dini na serikali, ile ile inayotajwa mpaka leo kila unapozuka mzozo wa hijabu. Lakini kwa Waislamu wa Algeria utengano huo haukufanya kazi. Serikali iliendelea kuishika misikiti na maimamu wake. Ilipokuwa na faida ya kuidhibiti dini yetu, serikali na dini hazikutengana hata kidogo.

Wanawake kwenye jukwaa

Wanawake wa Algeria walikuwa wakivaa haik, shuka kubwa nyeupe inayofunika kuanzia kichwani. Anayejua baibui letu la zamani ataelewa mara moja. Wageni waliokuja na jeshi hawakuipenda. Walikuwa wakisema mwanamke huyu amefungwa, na sisi tumekuja kumfungua.

Sasa tuangalie huko kufunguliwa. Wanawake wa Kifaransa walipata haki ya kupiga kura mwaka 1944. Wanawake wa Kiislamu wa Algeria, waliokuwa chini ya serikali hiyo hiyo, hawakupewa haki hiyo kwa vitendo mpaka mwaka 1958. Miaka 14 ilipita. Na ilipokuja, vita vya uhuru vilikuwa vimeshawaka tangu tarehe 1 Novemba 1954, na Ufaransa ilikuwa inatafuta marafiki kwa haraka.

Mwezi wa Mei mwaka huo huo wa 1958, mjini Algiers na kisha katika miji mengine, zilifanywa sherehe za kuvua haik hadharani. Wanawake walipandishwa jukwaani, wakavua shuka zao mbele ya umati, na nyengine zikachomwa moto. Wake za majenerali walikuwa mstari wa mbele katika shughuli hizo. Jeshi lilichapisha hata mabango yenye sura za wanawake, yakiwauliza kama wao si wazuri, na kuwataka wavue ushungi wao.

Magazeti ya Ulaya yaliandika kwamba wanawake wamejikomboa. Lakini wanahistoria waliochimba baadaye wameonesha mambo mengine. Katika mji wa Constantine, msichana mmoja wa miaka 18 alisoma hotuba aliyoandikiwa na akavua haik mbele ya watu. Msichana huyo kabla ya hapo hakuwa na kawaida ya kuvaa haik. Alivishwa ili aonekane akivua. Na kaka yake alikuwa mikononi mwa jeshi.

Tulipofika hapo mwenzetu mmoja aliweka mkasi chini. Akasema, "Basi hata nguo yenyewe ilikuwa ya kuigiza."

Kwa nini jeshi zima lishughulike na shuka? Kwa sababu wanawake walikuwa ndani ya mapambano. Mwaka 1956 wasichana wa Algiers walivaa kizungu wakapita kwenye vizuizi vya askari bila ya kukaguliwa, na baadhi yao walitega mabomu kwenye mikahawa. Watu wasio na silaha walikufa humo, na hilo hatulipambi. Upande wa pili, wafungwa waliteswa, wanawake kwa wanaume. Djamila Bouhired alikamatwa mwaka 1957, akateswa, akahukumiwa kifo, na baada ya kelele za dunia nzima hakunyongwa. Aliachiwa mwaka 1962.

Daktari Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique aliyefanya kazi katika hospitali ya Blida, aliandika juu ya hayo mwaka 1959. Alieleza kwamba baada ya sherehe zile, wanawake waliokuwa wameshaiacha haik zamani waliirudia kwa hiari yao. Hawakutaka kuvuliwa na aliyewatawala.

Kuna jambo moja zaidi. Mwaka 1960 askari mmoja wa Kifaransa aliyejua kupiga picha, Marc Garanger, aliamrishwa awapige wanavijiji picha za vitambulisho. Kwa muda wa siku kumi alipiga karibu watu 2,000, wengi wao wanawake, na wanawake hao waliamrishwa kujifunua mbele yake. Picha zipo mpaka leo. Ukizitazama unaona nywele zimetimka, kwa sababu shuka imeondolewa sasa hivi, na unaona macho. Hawalii. Wanamtazama tu. Mwenyewe Garanger alikuja kusema miaka ya baadaye kwamba aliiona hasira yao.

Kutoka Algeria hadi darasani

Algeria ilipata uhuru tarehe 5 Julai 1962. Lakini viwanda vya Ufaransa vilikuwa vinahitaji mikono, na Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini walikwenda kufanya kazi. Watoto wao wakazaliwa huko, wakasoma huko, wakawa Wafaransa.

Mwaka 1989, katika mji wa Creil, wasichana watatu walizuiwa kuingia darasani kwa sababu ya mitandio yao. Baraza la juu la mambo ya sheria la nchi hiyo likatoa maoni kwamba kuvaa alama ya dini peke yake hakupingani na utaratibu wa serikali isiyo na dini. Ungedhani yameisha. Tarehe 15 Machi 2004 ikapitishwa sheria ya kuzuia alama za dini zinazoonekana wazi katika skuli za serikali, za msingi na sekondari. Sheria inagusa pia kofia za Kiyahudi na misalaba mikubwa, lakini mjadala mzima ulikuwa juu ya mtandio. Mwaka 2010 ikaja sheria ya kuzuia kufunika uso mahali pa umma, na faini yake ni hadi yuro 150.

Katika kiangazi cha mwaka 2016 miji karibu 30 ilipiga marufuku burkini ufukweni. Nguo hii ilibuniwa mwaka 2004 na Aheda Zanetti, mwanamke Muaustralia mzaliwa wa Lebanon, ili wasichana wa Kiislamu waweze kucheza na kuogelea. Mwanamke mbunifu wa nguo, mfanyabiashara kama sisi. Picha za polisi wenye silaha wakiwa wamemsimamia mwanamke aliyekaa kwenye mchanga wa ufukwe wa Nice, huku akivua nguo yake ya juu, zilizunguka dunia. Siku chache baadaye baraza lile lile likasimamisha marufuku ya mji mmoja wa jirani, na likasema haki za msingi zimevunjwa.

Lazima tuseme kwa nini watu walikuwa na hofu mwaka ule. Novemba 2015 wauaji waliojiita Waislamu waliua watu 130 Paris na pembezoni mwake. Tarehe 14 Julai 2016 mwengine aliua watu 86 kwa lori hapo hapo Nice. Huo ni uchungu wa kweli. Lakini miongoni mwa waliouawa Nice walikuwamo Waislamu wengi, na mmoja wa mwanzo kufa alikuwa mama aliyevaa hijabu. Wiki chache baadaye mwanamke aliyevaa kama mama yule alifukuzwa kwenye ufukwe wa mji ule ule.

Kisha Agosti 2023, waziri wa elimu akatangaza kuzuia abaya skuli. Alisema mwalimu asiweze kujua dini ya mwanafunzi kwa kumtazama. Baraza la Waislamu wa nchi hiyo lilijibu kwamba abaya si vazi la ibada. Siku ya kwanza ya masomo wasichana 298 walifika wamevaa, na 67 wakakataa kubadilisha, wakarudishwa nyumbani.

Hapa sisi mafundi tuna la kusema. Gauni refu la pambani na abaya ya rangi hukatwa kwa kipimo kimoja. Ukivitandika mezani bila ya mwenyewe, huwezi kuapa kipi ni kipi. Basi mwalimu aliyesimama mlangoni atajuaje? Atatazama jina, atatazama rangi ya ngozi, atatazama mtandio uliovuliwa getini. Anayepimwa hapo si nguo.

Na sisi je?

Si vyema kuiona chuki ya wenzetu tukafumba macho yetu. Iran ya mwaka 1936 mfalme aliamuru wanawake wavue hijabu, na polisi wakawavua barabarani. Baada ya mapinduzi ya 1979 nchi hiyo hiyo ikawalazimisha wavae. Nchi ni moja, na mara zote mbili aliyeulizwa mwisho ni mwanamke mwenyewe. Stara ni ibada, na ibada inataka nia. Anayevisha kwa kipigo hajatusaidia, kama vile anayevua kwa sheria.

Bi harusi wetu alirudi kama tulivyokubaliana. Tukamwambia tuliyoyapata. Marufuku ya 2004 na ya abaya ni ya skuli za serikali mpaka sekondari. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaruhusiwa kuvaa mtandio na abaya yake. Barabarani pia anaruhusiwa, mradi uso uwe wazi. Atatazamwa, na huenda atasemwa. Ajue kuwa wako Wafaransa wengi, Waislamu na wasio Waislamu, wanaozipinga sheria hizi kila siku.

Tukamuonesha na picha moja ya Agosti 2024. Michezo ya Olimpiki ilifanyika Paris, na wanariadha wa Ufaransa walikatazwa kuvaa hijabu. Lakini Sifan Hassan, mzaliwa wa Ethiopia anayekimbilia Uholanzi, alishinda marathoni ya wanawake, na siku ya kufunga michezo alipanda jukwaani kupokea dhahabu yake akiwa amevaa hijabu. Safari hii mwanamke wa Kiislamu alipanda jukwaani mbele ya umati akiwa amevaa anachotaka yeye.

Mama mtu akaitazama ile picha muda mrefu. Kisha akamwambia binti yake, "Mwanangu, waache wakushonee abaya inayojulikana kama ni abaya."

Tumeshona mbili, nyeusi na ya rangi ya zambarau, na upindo tumeuacha mpana ili zikifupika baada ya kufuliwa azishushe. Anaondoka baada ya Idi. Muombeeni dua, na waombeeni na wale wasichana 67.

Allah awahifadhi mabinti zetu popote walipo, na atujaalie stara ya nguo na ya nyoyo. Aamin.