Kuhama kwa Kamusi: Kutoka Rafu ya Vitabu hata Hifadhidata

Historia ya elimu ya Kiswahili ni historia ya kuhama pia. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka wa 1930, ilihamia Nairobi mwaka wa 1942, ikaenda Makerere mwaka wa 1952, kisha Mombasa. Na mwaka wa 1964 kazi yake ilirithiwa na chuo cha uchunguzi wa Kiswahili huko huko Dar es Salaam ilikoanzia. Hata hivyo msomaji wa mbali hakupotewa na kitu. Kamusi ya Frederick Johnson ilikuwa imekwisha kupigwa chapa tangu mwaka wa 1939, na ofisi ilipohama, nakala zilizokuwa mikononi mwa watu zilibaki pale pale zilipo.

Kamusi ya kompyuta haina amani hiyo. Mwaka wa 1994 Martin Benjamin alianzisha katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyosomwa kwa njia ya intaneti, ambayo wasomaji wenyewe waliweza kuichangia maneno. Anwani yake ya kwanza ilikuwa tawi la anwani ya Yale. Baadaye kamusi iliondoka chuoni hapo, ikajulikana kwa jina lake yenyewe, kamusiproject.org, kisha kamusi.org. Kwa mwalimu wa Magindu, upande wa Kibaha, aliyeiandika anwani ya zamani katika daftari lake, kuhama huko si habari ya Marekani tu: asipoelekezwa njia mpya, kamusi yote imemtoweka kwa siku moja, hali hakuna neno hata moja lililofutwa.

Sababu ni namna tovuti ya jinsi hii ilivyojengwa. Ukurasa anaousoma mtu haukuandikwa mahali popote ukakaa. Hutungwa papo hapo na programu, nayo huyachota maneno katika hifadhidata. Basi vya kuhamishwa ni vitatu: programu, hifadhidata na jina. Kimoja kikisahauliwa, vingine viwili havina faida.

Katika kuhamisha hifadhidata, hatari kubwa mara nyingi hukaa katika alama ndogo. Kiswahili cha herufi za Kilatini kina kipeo katika *ng'*, na katika lugha ya hifadhidata alama hiyo hiyo ndiyo ifungayo maandishi. Nakala isipotayarishwa kwa uangalifu, neno hukatika katikati, au alama hugeuka kuwa nyingine isiyotafutika. Anayeona jambo hili ni dogo na atazame *ng'oa* na *ngoa*: la kwanza ni kutoa kitu kilichoota au kilichosimikwa, la pili ni tamaa au wivu. Kipeo kikipotea, mashine haitoi malalamiko yoyote. Maneno mawili yamekuwa moja, na kosa hugunduliwa na mjuzi wa lugha, wala si fundi. Maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu yana hatari zaidi, kwa kuwa seva mbili zikitofautiana katika namna ya kuhesabu herufi, ukurasa mzima huwa alama zisizosomeka.

Jina nalo lina desturi yake. Likielekezwa kwenye seva mpya, mitambo ya njiani huweza kuendelea kukumbuka seva ya zamani kwa saa nyingi. Katika muda huo wasomaji wengine hufika nyumba mpya, wengine ya kale. Na neno lililochangiwa katika nyumba ya kale baada ya nakala kuchukuliwa hupotea pamoja na jasho la aliyelileta. Kwa hiyo yapasa kufunga mlango wa kuandika kabla ya kunakili, na kuuacha wazi mlango wa kusoma hata safari itimie. Na anwani za kale zisikatwe, bali ziwapeleke wasomaji kwenye mpya.

Vyuo vitaendelea kuwa wenyeji wa kamusi, na wenyeji hubadilika. Kamusi yenye jina lake yenyewe na nakala iliyothibitishwa neno kwa neno huweza kuhama kama ilivyohama Kamati. Ile itegemeayo jina la mwenyeji wake huhesabiwa imekufa siku mlango wa mwenyeji ufungwapo, hata kama maneno yake yote yangali hai.