Mwaka 1968 na Lawama Isiyozeeka

Wiki iliyopita mpwa wangu alirudi kutoka kwenye usaili amenuna. Ana shahada ya sayansi ya kompyuta, tena ya daraja la kwanza. Nadharia hawakumuuliza hata moja. Walimpa programu iliyoandikwa na mtu mwingine, yenye kosa ndani, wakamwambia airekebishe kisha aeleze alichofanya. Akakwama. "Mjomba, hiki hatukufundishwa," akaniambia.

Nilimpa pole, lakini malalamiko yake ni ya zamani. Turudi 1968.

Machi mwaka huo ACM, chama cha wanakompyuta cha Marekani, kilichapisha mtaala wa mfano kwa vyuo vikuu. Fani ilikuwa bado changa. Idara ya Purdue, ya kwanza nchini humo, ilikuwa na miaka sita tu. Mtaala ukaeleza kozi 22: miundo ya data, lugha za programu, mpangilio wa kompyuta, na hisabati kwa wingi. Ndiyo tabia ya fani changa: hutafuta heshima kwa kuonyesha kina cha nadharia yake.

Agosti akasimama Richard Hamming wa Bell Labs kutoa mhadhara wa Tuzo ya Turing. Huyu hakuwa fundi asiyejua hesabu, alikuwa mwanahisabati hasa. Na bado alisema kinachokosekana ni kazi ya mikono. Alitaka kila mwanafunzi abuni, aandike, asahihishe na aeleze kwa maandishi programu ya ukubwa wa maana. Akatania kwamba tunampa mwanafunzi sarufi na kamusi, halafu tunamwambia sasa wewe ni mwandishi mkubwa. Mtindo hafundishwi! Akagusa na maadili: hawa watashika siri za watu.

Oktoba, wataalamu wapatao 50 walikutana Garmisch, Ujerumani Magharibi, kwa mwaliko wa NATO. Programu kubwa zilikuwa zinachelewa, zinazidi bajeti na zinajaa makosa. Mkutano ukabeba jina la "uhandisi wa programu", na jina hilo lenyewe lilikuwa changamoto, maana uhandisi haukuwepo bado.

Kwa hiyo ndani ya miezi minane tu yote yalishasemwa: nadharia, vitendo, maandishi, maadili, kufanya kazi na wenzako. Mitaala iliyofuata, ule wa 2001 na ule wa uhandisi wa kompyuta wa 2004, iliyaingiza mengi ya hayo. Lakini kuandika kozi kwenye karatasi ni rahisi. Kumkalisha mwanafunzi na programu yake, ukaisoma mstari kwa mstari kama mwalimu wa insha, kunataka muda, na darasa lenye watu mia tatu halina muda huo.

Basi pengo hilo analilipa nani? Si chuo, wala si mwajiri, anayemwita tu mtu mwingine kwenye orodha. Analilipa mpwa wangu, kwenye kile chumba cha usaili, kwa dakika arobaini za jasho.

Sasa kila jioni anasoma programu za watu wengine, akiandika pembeni kila anachokielewa. Nadharia yake haikupotea bure. Ndiyo inayomsaidia kuzielewa. Ila angeanza mwaka wa kwanza, asingerudi amenuna.