Mto Whanganui

Whanganui ni mto wa Kisiwa cha Kaskazini, Nyuzilandi, wenye urefu wa kilomita 290 hivi. Huanzia kwenye miteremko ya Mlima Tongariro na kumwaga maji yake katika Bahari ya Tasman.

Wamaori husimulia kwamba zamani milima ilikaa pamoja katikati ya kisiwa. Taranaki na Tongariro walimgombania Pihanga, mlima wa kike. Taranaki alishindwa akakimbilia magharibi, na kwa uchungu wake akachimba bonde refu ardhini. Kisha maji safi yakabubujika kutoka ubavuni mwa Tongariro, yakalijaza jeraha lile na kuliponya. Kwa watu wa Whanganui hii si ngano ya kuburudisha watoto. Ni nasaba, kwa kuwa wao huuhesabu mto kuwa mzee wao.

Nasaba hiyo husimuliwa kwa Kimaori, lugha iliyokandamizwa kwa muda mrefu. Sheria ya 1867 ilitaka shule za Wamaori zifundishe kwa Kiingereza, na kwa miongo mingi watoto walichapwa kwa kusema lugha ya mama zao. Mwaka 1972 hati iliyotiwa saini na watu zaidi ya 30,000 ilipelekwa bungeni kudai lugha hiyo ifundishwe. Shule za awali ziitwazo kōhanga reo, ambako wazee huzungumza na watoto kwa Kimaori tu, zilianza 1982. Lugha ikawa rasmi 1987.

Mwaka 2017 bunge liliutambua mto kuwa nafsi ya kisheria, Te Awa Tupua. Inafaa kusifiwa kwamba kanuni zake nne zimeandikwa kwa Kimaori katika sheria ya utambuzi huo. Wasemaji wawili huteuliwa kuuwakilisha.