Urithikaji: Samaki Mwenye Mgongo Uliopinda Atazaa Waliopinda?

Upande wa Misungwi wa Ghuba ya Mwanza, anayefuga sato kizimbani na anayefuga samaki wa mapambo kwenye tangi la kioo sebuleni huweza kukutana kwenye swali moja. Kati ya vifaranga wametokea wenye uti wa mgongo uliopinda, au wenye kifuniko kifupi cha matamvua hadi wekundu wa ndani unaonekana. Wazazi wao waendelee kuzalishwa, au waingie kikaangoni? Jibu la haraka ni methali: mtoto wa nyoka ni nyoka. Mimi naona kinachotupoteza kwanza ni maneno.

Tunasema “kasoro ya kuzaliwa” na “kasoro ya kurithi” kana kwamba ni kitu kimoja. Kifaranga anaweza kuanguliwa amepinda kwa sababu yai lililelewa kwenye maji ya moto kupita kiasi au yenye hewa haba. Kwa furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, jike huatamia mayai mdomoni na kuyageuzageuza. Mfugaji mwenye pupa akimtoa mayai mapema na kuyaweka kwenye chupa yenye maji yaliyotulia, asishangae vifaranga wakitoka wamepinda. Kifaranga mwingine huanguliwa mnyoofu, akapinda ukubwani kwa chakula kilichopungukiwa vitamini C, au kwa kifua kikuu cha samaki. (Ugonjwa huo wa mwisho uogopwe: huweza kumwachia vidonda vya ngozi anayetia mkono wenye mchubuko tangini.) Hao wote hawakurithi chochote.

Neno “urithi” peke yake halitufai sana, maana linanukia mirathi: lazima afe mtu kwanza, ndugu waketi, mali igawanywe. Samaki hurithisha jeni akiwa hai, na hurithisha hata sifa isiyoonekana mwilini mwake. Bahati nzuri Kiswahili kina kiambishi cha kuonyesha kinachoweza kutendeka. Barabara hupitika, maji hunyweka, sifa hurithika. Hapo ndipo tunapopata “urithikaji”.

Kitaalamu, urithikaji ni kipimo. Katika tofauti zote zinazoonekana ndani ya kundi la samaki, ni sehemu gani inatokana na tofauti za jeni, na ipi inatokana na maji, chakula na malezi? Jibu huandikwa kati ya 0 na 1. Ni kipimo cha kundi. Huwezi kumnyooshea kidole jike mmoja ukasema urithikaji wake ni 0.3. Tena hubadilika: ukiwalea wote sawasawa kwenye maji mazuri, tofauti zinazobaki zitaelekea zaidi kwenye jeni.

Kasoro nyingine hazihitaji kipimo hicho, kwa kuwa zinatoka kwenye jeni moja. Mwaka 1983 watafiti walieleza kasoro ya namna hiyo kwa Oreochromis aureus, ndugu wa karibu wa sato: pezi la mgongoni hukosa miiba na mgongo hubonyea kama tandiko la punda. Nakala moja ya jeni hiyo yatosha kuonyesha kasoro. Nakala mbili huua. Kwa hesabu, mwenye tandiko akizaa na mzima, nusu ya watoto watakuwa na tandiko. Jeni ya aina hii angalau haina siri.

Inayosumbua ni ile inayojificha. Wazazi wote wawili ni wazima, kila mmoja amebeba nakala moja, na robo ya watoto wanatoka na kasoro. Nafasi ya wawili hao kukutana huongezeka ndugu wanapozaliana, na hapa ziwa letu lina habari yake. Furu wa Ziwa Victoria wamefugwa sana katika matangi ya Ulaya na Marekani, akiwemo Haplochromis nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Wengi humwita Pundamilia nyererei, na hilo “pundamilia” ni neno la Kiswahili tupu, kwa sababu ya milia yake. Sangara walipowamaliza furu wengi katika miaka ya 1980, aina kadhaa zilihifadhiwa kwenye matangi. Kundi lililoanza na samaki wachache halina budi kuoana ndani ya ukoo.

Kwa hiyo, mfugaji, mchukue aliyepinda umzalishe na mwenzi asiye wa ukoo wake. Lea vifaranga kwenye maji safi na chakula kamili. Wakitoka wanyoofu wote usishangilie bado. Wakikua, mrudishie mzazi aliyepinda mmoja wa watoto hao, kisha hesabu kizazi kinachofuata. Takriban nusu wakipinda, kasoro inarithika, na ukoo huo utoke kwenye uzazi. Asipopinda hata mmoja kati ya mamia, geuza mfuko wa chakula usome tarehe ya mwisho wa matumizi.