Bonde la Ruma: Matembezi mepesi katika makao ya mwisho ya korongo

KWA miaka mingi wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria waliliogopa Bonde la Lambwe. Ardhi yake ilikuwa na rutuba na mvua haikuwa haba, lakini mbung'o alikuwa amelitamalaki. Mdudu huyo aliangamiza ng'ombe kwa maradhi ya nagana na kuwaambukiza binadamu ugonjwa wa malale. Waliojaribu kuhamia humo walirejea walikotoka, na nyasi zikabaki kwa wanyama.

Hivyo ndivyo kaunti ya Homa Bay ilivyopata Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita 120 za mraba. Leo ni mahali pekee nchini ambapo korongo angali anaishi porini. Msomaji asimchanganye na ndege wa jina hilo: korongo huyu ni mnyama wa jamii ya swala, na miongoni mwa swala wa Afrika ni wachache wanaomzidi ukubwa.

Eneo hili lilitengwa mwaka 1966 kwa jina la Hifadhi ya Wanyama ya Bonde la Lambwe, hasa kwa ajili ya kumlinda mnyama huyo. Mwaka 1983 lilipandishwa hadhi kuwa mbuga ya kitaifa. Wenyeji ndio walioomba jina libadilishwe. Ruma, kwa masimulizi yao, alikuwa mchawi aliyeogopwa sana katika sehemu hizo.

Sura ya bonde

Mtembezi asiyependa kupanda milima atapendezwa na Ruma. Sakafu ya bonde ni tambarare. Upande wa kaskazini kuna Milima ya Ruri, upande wa kusini mashariki kuna mteremko mkali wa Kanyamwa, na magharibi vinaonekana vilele vya Gwassi. Ziwa Victoria liko umbali wa kilomita kumi hivi, na upepo wake hulifikia bonde wakati wa alasiri.

Sehemu kubwa ya mbuga ni nyasi ndefu zilizochanganyika na migunga. Kandokando ya Mto Olambwe miti husongamana na kuwa msitu mwembamba wenye kivuli, na penye mabonde madogo maji hutuama na kufanya vinamasi. Katika mwendo wa saa chache mtu huweza kupita katika mazingira hayo yote matatu, naye asipande kilima hata kimoja.

Kila sehemu ina wanyama wake. Katika nyasi fupi utamwona taya, swala mdogo mwembamba ambaye akishtuka hurukaruka kwa miguu iliyokakamaa. Tohe hujilaza katika nyasi ndefu karibu na maji. Nyamera na kongoni hupenda uwanda wazi, na twiga huzunguka kwenye migunga. Pongo hujificha katika msitu wa mtoni. Nyati na chui nao wapo, na tangu vifaru waliporejeshwa kati ya mwaka 2011 na 2012, mbuga hii imekuwa miongoni mwa hifadhi za mnyama huyo nchini.

Kwa wapenzi wa ndege, fahari ya Ruma ni mbayuwayu wa buluu. Ndege huyu, ambaye idadi yake inapungua duniani, huzaliana kusini mwa Afrika na katika nyanda za juu za Tanzania, kisha huja kanda ya ziwa kati ya Aprili na Septemba. Huruka chini chini juu ya nyasi zenye unyevu akiwinda wadudu. Kinamasi kikikauka au kikilimwa, hana pa kwenda.

Korongo amebaki wangapi?

Korongo dume aliyekomaa huweza kufikia uzito wa kilo 300. Rangi yake ni ya hudhurungi iliyochanganyika na kijivu, uso wake ni mweusi wenye mabaka meupe, masikio ni marefu na pembe zimepinda kuelekea nyuma. Akimwona mtu kwa mbali husimama akimkazia macho kabla ya kugeuka na kukimbia.

Katika miaka ya 1970 bonde hili lilikuwa na korongo wapatao 200. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu 15 tu. Walikamatwa kwa mitego ya nyaya, wakaliwa na wanyama wakali, na vichaka vikazidi kuvamia nyasi walizozitegemea. Wengine waliowahi kuhamishwa kutoka sehemu nyingine za nchi hadi Shimba Hills, katika pwani, hawakudumu.

Ni kweli kwamba korongo hawajatoweka barani. Wako katika nchi kadhaa za Afrika Magharibi na kusini mwa bara. Lakini kwa Kenya hakuna akiba nyingine. Kundi dogo kama hili huweza kumalizwa na ugonjwa mmoja au msimu mmoja wa ukame. Ndiyo sababu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitenga ndani ya mbuga eneo maalumu lililozungushiwa ua ili wazaliane kwa usalama. Mgeni asitarajie kuwakaribia hapo, na asimshinikize mlinzi ampeleke.

Kanuni za kutembea

Ruma si bustani ya mjini. Kwa sababu ya nyati na vifaru, hairuhusiwi kushuka garini popote upendapo. Matembezi ya miguu hufanywa pamoja na askari wa wanyamapori mwenye silaha, na ni vyema kuafikiana na wasimamizi wa mbuga kabla ya siku ya safari. Askari hutangulia, wengine hufuata kwa mstari mmoja bila kelele. Anaposimama, wote husimama.

Kuhusu mbung'o, hofu ya zamani imepungua lakini mdudu mwenyewe hajaisha. Mwezi Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena nchini Kenya, baada ya zaidi ya muongo mmoja bila mgonjwa aliyeambukizwa humu nchini. Hata hivyo, kuumwa na mbung'o kunauma, na nagana bado ni tishio kwa mifugo. Mdudu huyu huvutiwa na rangi ya buluu na nyeusi; mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kwa hiyo vaa shati la mikono mirefu na suruali ndefu za rangi ya kaki. Mbung'o hufuata pia gari linalokwenda, basi funga madirisha.

Mbu wa malaria ni hatari ya kila siku katika kanda hii. Tumia chandarua, na uliza daktari kuhusu dawa za kinga ukitoka sehemu zisizo na malaria.

Viatu viwe vya kufunika vifundo vya miguu. Udongo wa bonde ni mweusi na wa kunata. Mvua ikinyesha hata gari lenye nguvu hukwama. Mvua za masika huanza Machi hadi Mei, na za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo bora kuliko yote, kwani njia ni kavu na mbayuwayu wa buluu bado yupo.

Upande wa Migori

Mwenye siku ya pili aelekee kusini hadi kaunti ya Migori, akaone Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyojengwa bila saruji wala udongo wa kushikiza. Yako kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, na inaaminika yalijengwa katika karne ya 16. Mwaka 2018 yaliorodheshwa kuwa turathi ya dunia.

Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5. Boma kubwa zaidi ni Kochieng, na mengine ni Kakuku, Koketch na Koluoch. Kutoka boma moja hadi jingine ni mwendo mfupi kati ya vichaka. Jina lenyewe, kwa lugha ya Dholuo, hueleza msitu mnene wa kutisha na ngome iliyokuwa ndani yake. Wazee wa hapa waliujua msitu kuwa mahali pa kuogopa na pia pa kujikinga.

Jinsi ya kufika

Ruma iko kilomita zipatazo 140 kutoka Kisumu kupitia Homa Bay. Anayetoka Kisii hupitia Rongo na Rodi Kopany hadi Homa Bay, kisha hushika barabara ya Mbita kabla ya kuacha lami kuelekea lango la Kamato. Malipo ya kiingilio hufanywa kwa mtandao wa eCitizen, si kwa pesa taslimu. Hakikisha viwango vya sasa kabla ya kuondoka. Kwa wanaotaka kulala ndani ya mbuga kuna nyumba ya wageni ya Oribi na sehemu za kupiga hema.

Jambo moja zaidi. Majirani wa mbuga hupoteza mimea kwa wanyama na ng'ombe kwa nagana, na faida waionayo ni ndogo. Nunua samaki wako Homa Bay, ndizi zako sokoni, na ukodi gari la mwenyeji. Zamani mbung'o ndiye aliyemlinda korongo kwa kuwafukuza watu. Sasa mbung'o amedhibitiwa, na usalama wa hao waliobaki umo mikononi mwa wanaoishi kandokando ya mbuga. Watamlinda iwapo wataona kuna faida ya kufanya hivyo.