Mafundo matano ya kamba yanayosaidia kila siku, na kosa moja linalomwaga mzigo

Kamba za viatu zikifunguka kila mara, mara nyingi tatizo si kamba. Angalia vile vitanzi viwili vya juu. Vikilala kushoto na kulia, fundo liko sawa. Vikielekea kidoleni na kisiginoni, limefungwa vibaya na litafunguka tu.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza sababu. Mguu ukipiga chini fundo hulegea, na mguu ukirushwa mbele na nyuma ncha za kamba huvutwa mpaka fundo liachie. Fundo lililofungwa vibaya huachia haraka zaidi.

Kosa hilohilo linaweza kumwaga gunia kutoka kwenye keria ya bodaboda. Kitabu maarufu cha mafundo cha Clifford Ashley, kilichotoka 1944, kina maelezo zaidi ya 3,800. Kwa kazi za nyumbani, shambani na barabarani, haya matano yanatosha kuanzia.

1. Fundo bapa

Pitisha ncha ya kulia juu ya ya kushoto na uizungushe. Kisha geuza: ya kushoto juu ya ya kulia. Kaza. Ukirudia upande uleule mara mbili, umefanya lile kosa la viatu.

Hutumika kufunga vifurushi na bandeji, kwa sababu hulala bapa na halimchomi mgonjwa. Lisitumike kuunganisha kamba mbili za kubeba uzito, maana huweza kupinduka na kuachia.

2. Fundo la kuunganisha kamba

Hili ni la kamba mbili zenye unene tofauti. Kunja kamba nene iwe kama herufi U. Ingiza nyembamba ndani ya U kutoka chini, izungushe nyuma ya miguu yote miwili ya U, kisha ichomeke chini ya yenyewe. Kama ni nailoni inayoteleza, zungusha mara mbili.

3. Kitanzi kisichokaza

Watu wengi humfunga mbuzi shingoni kwa tanzi la kuteleza. Mbuzi akishtuka na kuvuta, tanzi humkaba na anaweza kufa. Kitanzi hiki hubaki na ukubwa uleule hata kikivutwa.

Fanya tundu dogo kwenye kamba, upande wa ncha ukiwa juu. Ncha itoke tunduni kutoka chini, izunguke nyuma ya kamba kuu, kisha irudi tunduni. Wanafunzi hukumbuka hivi: sungura anatoka shimoni, anazunguka mti, anarudi shimoni. Acha mkia mrefu kiasi. Mabaharia hukitumia pia kufunga chombo kwenye nguzo.

4. Fundo la nguzo

Zungusha kamba kwenye nguzo mara moja. Zungusha tena ukiivuka ile ya kwanza, kisha ncha ichomeke chini ya mzunguko wa pili. Ni la haraka, na linafaa kuanzia kazi ya kufunga uzio au miti. Nguzo ikizunguka au mzigo ukiyumba, huteleza. Ongeza mafundo mawili ya kawaida pembeni.

5. Fundo la kukazia mzigo

Kamba ikishapita juu ya mzigo, fanya kitanzi katikati yake. Shusha ncha, ipitishe chini ya chuma cha keria, irudishe juu ipite kwenye kitanzi, kisha vuta kwenda chini. Kitanzi hufanya kazi kama kapi, hivyo mtu mmoja hukaza kuliko kwa kuvuta mkono mtupu. Malizia kwa mafundo mawili. Hata wanaofunga kwa mpira wa tyubu hulihitaji mzigo ukiwa mkubwa.

Fundo lilelile, sasa ni pambo

Vining'inizio vya maua vya makrame hutegemea zaidi fundo bapa. Chukua kamba nne. Mbili za katikati zitulie, mbili za pembeni zifunge fundo juu yake. Ukianza upande mmoja kisha mwingine kwa zamu, unapata mkanda ulionyooka. Ukianza upande uleule kila mara, mkanda hujisokota kama ngazi ya mzunguko. Yaani kosa linalomwaga gunia ndilo pambo kwenye makrame.

Kamba za pembeni zikatwe ndefu mara nne hadi tano ya urefu wa mkanda unaotakiwa, maana mafundo hula kamba.

Kabla ya kuliamini fundo

Fundo lolote hupunguza nguvu ya kamba, kwa hiyo kamba iliyochakaa isipewe mzigo mzito. Kaza fundo kwa mkono kwanza, livute kwa nguvu, na hakikisha mkia haukuachwa mfupi. Ukisafirisha mzigo, simama baada ya mwendo mfupi ukague, kwa sababu mtikisiko hulegeza.

Kwa mazoezi, tafuta vipande viwili vya kamba vyenye rangi tofauti, kila kimoja kama mita moja. Rangi huonyesha ncha gani imepita wapi. Likizoeleka, jaribu kulifunga macho yakiwa yamefumbwa, maana mzigo hulegea hata usiku.